Kikohozi cha wiki 11 na kifua kisicholia: uchambuzi wa kisa kimoja cha pumu

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa watoto wadogo. Havuti sigara na haishi na mvutaji. Hana shinikizo la damu wala kisukari. Analalamika kikohozi kikavu kilichodumu wiki 11. Kilianza na mafua ya kawaida: pua iliziba, koo likawasha, homa ikamshika siku mbili. Mafua yakaisha, kikohozi kikabaki. Hatoi makohozi ya maana, hajakohoa damu, hajakonda, hana homa za jioni wala jasho la usiku. Hasikii kifua kumbana, na hajawahi kukisikia kikilia. Ukimuuliza kama ana pumu anacheka, na kicheko chenyewe kinamwamshia kikohozi.

Niseme mapema kwamba mgonjwa huyu ni wa mfano. Nimemjenga kutokana na namna ugonjwa huu unavyojitokeza kwa kawaida, na namba za vipimo vyake ni za kufundishia. Viwango vya kuzisomea namba hizo, hata hivyo, ndivyo vinavyotumika kliniki.

Alikopita kabla

Mara ya kwanza alipewa antibayotiki, amoksilini. Mara ya pili alipewa antibayotiki nyingine, azithromaisini, pamoja na dawa ya maji ya kutuliza kikohozi, akapata nafuu kwa wiki moja hivi, kisha hali ikarudi palepale. Mara ya tatu alipimwa kifua kikuu: makohozi hayakuonyesha vimelea, picha ya kifua ikatoka safi. Baadaye akatumia dawa ya kupunguza asidi ya tumbo kwa wiki nne, na hakuona tofauti yoyote.

Kumpima kifua kikuu lilikuwa jambo sahihi kabisa. Shirika la Afya Duniani linahesabu kikohozi cha wiki mbili au zaidi kuwa dalili ya kutosha kumchunguza mtu ugonjwa huo, na hakuna mganga makini anayepaswa kuanza kuwaza pumu kabla ya kufunga mlango huo. Kasoro ilikuja baada ya majibu. Vipimo vilipotoka safi, mgonjwa aliambiwa hana kitu. Mtu anayeamka kila usiku kukohoa ana kitu. Picha ya kifua inaonyesha nimonia, maji, uvimbe na makovu. Mirija ya hewa inayobana saa tisa usiku na kufunguka asubuhi haiwezi kuonekana humo.

Ile nafuu ya wiki moja baada ya azithromaisini nayo inahitaji jicho kali, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi. Pumu hupanda na kushuka yenyewe. Mgonjwa huenda kutafuta dawa siku amezidiwa, kwa hiyo chochote atakachopewa siku hiyo kina nafasi nzuri ya kusifiwa wiki inayofuata. Ndivyo mtu anavyofikia kutumia antibayotiki mara tatu kwa mwaka, kila mara akiamini kwamba ile ya mwisho ndiyo iliyomsaidia.

Maswali yaliyofungua kisa

Kwa mtu mzima, kikohozi kilichozidi wiki 8 huitwa kikohozi sugu. Akiwa havuti sigara, picha ya kifua ni safi na hatumii dawa inayosababisha kikohozi, sababu zinazoongoza ni chache: matatizo ya pua na koo, pumu pamoja na jamaa zake, na asidi inayopanda kutoka tumboni. Mara nyingi mbili kati ya hizo hukaa kwa mtu mmoja. Kuzitenganisha kunaanza kwa mazungumzo, na swali lenye tija kuliko yote ni la saa.

Aliulizwa hukohoa wakati gani zaidi. Akajibu, "Usiku." Usiku saa ngapi? Hapo ilibidi afikirie. Akilala saa nne, saa za mwanzo zinapita salama. Hushtuka kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, anakaa kitako kitandani na kukohoa kwa dakika kama ishirini, anakunywa maji ya vuguvugu, kisha usingizi unamchukua tena. Asubuhi anaamka kifua kizito, na kufikia saa nne ni mzima.

Saa hizo hazitokei kwa bahati. Kwa binadamu wote njia za hewa huwa nyembamba zaidi kuelekea alfajiri. Usiku homoni ya kotisoli, inayotuliza uvimbe, hushuka sana, na mishipa ya fahamu inayobana mirija ndiyo hushika usukani. Mtu mwenye mapafu ya kawaida halioni badiliko hilo. Mwenye pumu hulilipia kwa usingizi wake. Linganisha na wengine: anayesumbuliwa na asidi huwa na shida zaidi akishashiba au akiinama, na mara nyingi ana kiungulia ama ladha chungu mdomoni, mwenye kamasi linaloshuka kooni hukohoa mara tu anapojilaza na anapoamka, huku akisafisha koo mchana kutwa. Mifumo hii haitoshi kumhukumu mtu, maana huingiliana, lakini inakuonyesha kipimo cha kuanza nacho.

Swali la pili lilihusu vichocheo. Hewa baridi, moshi, manukato makali, kicheko, kuongea kwa muda mrefu. Halafu ngazi. Anasema akipanda ngazi haraka hakohoi akiwa njiani. Hufika juu, akakaa, na dakika chache baadaye kikohozi kinaanza. Mganga asiyeuliza kwa undani ataandika tu "hukohoa akifanya kazi ngumu" na kuipoteza taarifa yenyewe. Mirija ya mwenye pumu kwa kawaida hubana zaidi katika dakika 5 hadi 15 baada ya mazoezi kukoma, si katikati yake.

Kila mtu alishamwambia kwamba ni vumbi la chaki. Hoja hiyo ina mantiki, kwa kuwa pumu ya kazini ipo kweli na haipaswi kupuuzwa kwa waoka mikate, wapaka rangi za kupuliza au wanaosafisha kwa kemikali kali. Lakini ina njia ya kuipima: je, mtu hupata nafuu akiwa nje ya kazi? Ndani ya wiki hizo 11 kulikuwa na likizo ya wiki tatu, na kikohozi hakikupungua hata kidogo. Chaki ikaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa, angalau kama sababu kuu.

Swali la tatu ndilo, kwa maoni yangu, lililobeba kisa kizima: hii ni mara ya kwanza? Sivyo. Kwa miaka kadhaa kila mafua yakimshika humwachia kikohozi cha mwezi mzima. Yeye hakuwa akikihesabu kama ugonjwa. "Mimi nina kifua dhaifu tu," ndivyo anavyojieleza, na mama yake husema hivyohivyo kuhusu kifua chake mwenyewe. Utotoni alikuwa na upele mkavu wa kuwasha kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Akifagia chumba hupiga chafya mfululizo. Hizo ni ishara za mzio, ambao mara nyingi huandamana na pumu. Hakuna lolote kati ya hayo lililoandikwa kwenye faili, kwa sababu kila ziara ilihusu kikohozi cha siku hiyo.

Aliulizwa pia kuhusu dawa. Dawa za presha za kundi la enalapirili na lisinopirili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watumiaji, na baada ya kuziacha kikohozi huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine hadi miezi mitatu, kutoweka. Propranololi, dawa nyingine ya presha na moyo, hata matone ya macho ya timololi, yanaweza kuamsha pumu iliyolala. Hakuwa akitumia hata moja.

Jambo moja hakulisema mpaka alipoulizwa waziwazi. Akiwa mbele ya darasa na kuhisi kikohozi kinakuja, hukunja mguu mmoja mbele ya mwingine na kubana mapaja, kwa sababu akikohoa kwa nguvu mkojo humtoka. Huvaa pedi kila siku ya kazi. Alidhani ni mambo ya uzazi na hayahusiani na kifua. Wanawake wengi wenye kikohozi sugu wana tatizo hili na wengi hawalitaji, basi ni wajibu wa anayehoji kulitaja yeye kwanza.

Kifua kilikuwa kimya

Oksijeni asilimia 98, mapigo ya kawaida, anaongea sentensi ndefu bila kukatika. Ndani ya pua ngozi imevimba kidogo na kupauka. Stetoskopu haikusikia kitu: hewa inaingia vizuri pande zote, hakuna mlio. Akaombwa atoe pumzi yote kwa nguvu, ikawa kimya vilevile.

Wengi huishia hapo, kwa kuwa pumu wanayoijua ni ile ya kifua kupiga filimbi. Filimbi hiyo hutokea pale mirija inapobana kiasi cha kufanya kuta zake zitetemeke hewa inapopita. Kubana kidogo hakutoi sauti, lakini kunatosha kusisimua mishipa ya kikohozi, hasa kwa mtu ambaye kuta za njia zake za hewa zimevimba na kujaa chembe nyeupe za aina ya eosinofili. Tena anapimwa saa tano asubuhi, wakati mirija yake imeshafunguka. Ukimya wa kifua saa hiyo unathibitisha kwamba saa hiyo hali ni nzuri, basi.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1979 Corrao, Braman na Irwin walichapisha katika jarida la *New England Journal of Medicine* taarifa ya wagonjwa 6 ambao dalili yao pekee ya pumu ilikuwa kikohozi. Hawakuwa na historia ya kubanwa wala ya kifua kulia, kipimo cha kupuliza kilikuwa cha kawaida, lakini walipovutishwa methakolini, dawa inayojaribu wepesi wa mirija kubana, wote mirija yao ilibana upesi kupita kawaida. Dawa za kufungua mirija ziliwaondolea kikohozi. Tangu hapo hali hii inatambulika kama pumu ya kikohozi.

Kipimo kilichosema hapana, na kilichosema ndiyo

Spairometri, yaani kipimo cha kupuliza kwenye mashine inayopima hewa unayotoa, ilifanyika siku hiyohiyo. Hewa aliyoitoa katika sekunde ya kwanza ilikuwa lita 2.71, asilimia 94 ya inayotarajiwa kwa umri, jinsia na urefu wake. Uwiano wa hewa hiyo na jumla ya pumzi ulikuwa 0.82, yaani hakuna dalili ya kuziba. Alivuta salbutamoli, dawa ya kufungua mirija, mikrogramu 400, akasubiri robo saa, akapuliza tena: lita 2.86. Ongezeko ni mililita 150, sawa na asilimia 5.5. Kwa mtu mzima kigezo kinachotumika sana ni ongezeko la angalau asilimia 12 na mililita 200 kwa pamoja. Hakukifikia.

Hapa kuna njia panda. Njia ya kwanza ni kusema hana pumu. Njia ya pili ni kumpa pampu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa mirija, palepale na kuona itakuwaje. Zote mbili naziona mbaya. Ya kwanza inasahau kwamba spairometri ya kawaida kwa mtu ambaye muda huo hana dalili ni jambo la kutarajiwa. Ya pili inaharibu ushahidi: ukishatuliza uvimbe, yale mabadiliko ya mirija unayotaka kuyanasa yanafifia, na ukibaki na nafuu tu hutajua imetoka wapi. Kikohozi kilichoachwa na mafua kinaweza kupoa chenyewe ndani ya kipindi hichohicho. Pia kuna ugonjwa jirani, uvimbe wa njia za hewa wenye eosinofili lakini usiobana mirija, ambao nao hutii steroidi ya kuvuta. Kwa mgonjwa aliyebanwa au aliye hatarini, bila shaka unatibu kwanza na maswali yanafuata. Huyu hakuwa hatarini. Wiki mbili za kupima zisingemdhuru.

Alipewa kifaa kidogo cha plastiki chenye mshale, cha kupima kasi ya juu ya pumzi inayotoka. Unasimama, unasukuma mshale hadi sifuri, unavuta pumzi kamili, unabana midomo kwenye mdomo wa kifaa, unapuliza mara moja kwa nguvu na haraka. Unarudia mara tatu na kuandika namba kubwa kuliko zote, si wastani. Asubuhi ukiamka na jioni. Pembeni aliambiwa aandike kama aliamka usiku kukohoa.

Jambo linalotafutwa ni tofauti ndani ya siku moja: unachukua namba kubwa, unatoa ndogo, unagawa kwa wastani wa hizo mbili. Siku ya tatu aliandika lita 350 kwa dakika asubuhi na 420 jioni, tofauti ya asilimia 18. Siku ya sita, 400 na 420, asilimia 5. Siku ya tisa, 330 na 415, asilimia 23. Wastani wa wiki mbili ukatoka asilimia 14. Kwa mtu mzima, wastani unaozidi asilimia 10 huonyesha kwamba njia za hewa zinabadilika kupita kawaida. Kwa watoto mpaka ni asilimia 13.

Wastani ulitosha, lakini lililonishawishi zaidi ni karatasi yenyewe. Usiku wa kuamkia siku ya tatu aliandika "mara mbili". Siku ya sita, "nimelala". Siku ya tisa, "sikulala kabisa". Kila asubuhi mbovu ilifuata usiku mbovu, na namba za jioni karibu hazikutikisika. Kikohozi na kubana kwa mirija vilikuwa vinatembea pamoja. Kikohozi cha asidi au cha kamasi hakina sababu ya kuiburuta namba ya asubuhi namna hiyo.

Kifaduro kilikuwa bado mezani, maana kinaweza kumkohoza mtu mzima kwa zaidi ya miezi miwili. Ila hukohoza kwa mikupuo mirefu inayoishia kutapika au kukosa pumzi, na hakielezi vikohozi vya miaka iliyotangulia. Kipimo cha methakolini kingeweza kufanyika kwa mtaalamu kama karatasi ingetoka na mstari ulionyooka. Nguvu yake kubwa iko kwenye jibu hasi, ambalo karibu linaifuta pumu inayoendelea. Hakikuhitajika.

Pampu iliyoishia mdomoni

Alianzishiwa dozi ndogo ya budesonidi, ambayo ni steroidi, iliyochanganywa na formoteroli inayofungua mirija, asubuhi na jioni. Hakupewa salbutamoli peke yake. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima wala kijana mwenye pumu atibiwe kwa dawa ya kufungua mirija bila steroidi ya kuvuta, kwa kuwa inaondoa dalili na kuacha uvimbe ukiendelea chini kwa chini.

Neno steroidi lilimtisha. Alikuwa amesikia habari za watu kuvimba uso na mifupa kudhoofika. Hofu hiyo haikejeliwi, inajibiwa kwa namba: vidonge vya prednisoloni anavyopewa mtu mzima aliyezidiwa na pumu mara nyingi hufika miligramu 40 kwa siku, ilhali steroidi aliyoandikiwa yeye haikufika nusu miligramu kwa siku, tena inakwenda moja kwa moja kwenye mirija. Madhara yake ya kawaida ni ukungu mweupe mdomoni na sauti kukauka. Kwa mwalimu hilo la sauti si dogo. Ndiyo maana aliambiwa asukutue na kutema kila baada ya kuvuta.

Wiki mbili baadaye alirudi na kusema dawa haifanyi kazi. Kabla ya kuongeza dozi au kutilia shaka ugonjwa wenyewe, aliombwa avute mbele ya muuguzi. Hakuitikisa pampu. Alibonyeza mara mbili mfululizo, kisha ndipo akaanza kuvuta, na wingu jeupe lilionekana likitoka pembeni ya midomo. Dawa ilikuwa ikiishia ulimini. Alipewa chupa ya kati ya plastiki, ile inayoungwa mbele ya pampu, akafundishwa upya: tikisa, toa pumzi, bana midomo, bonyeza mara moja, vuta polepole mpaka mwisho, shikilia kama sekunde kumi. Subiri kidogo ndipo urudie. Akaonyeshwa, akaonyesha, akakosolewa, akaonyesha tena. Dakika kumi hizo zilifanya kazi kuliko kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya dawa.

Kufikia wiki ya nne tangu hapo alikuwa akiamka mara moja au mbili kwa wiki. Wiki ya nane alikuwa analala usiku kucha. Kwenye karatasi, asubuhi zilipanda hadi kati ya 405 na 420, jioni zikabaki 420 hadi 430. Ukiitazama haraka utadhani hakuna lililobadilika, kwa sababu namba ya juu ni ileile. Kilichonyanyuka ni ile ya alfajiri. Pedi aliacha kuvaa.

Aliacha dawa bila kuuliza

Mwezi wa nne, akijiona amepona, aliiweka pampu kabatini. Si kosa la ajabu. Mtu asiyeumwa kumeza au kuvuta kitu kila siku kunahitaji sababu inayoonekana, na yeye hakuiona. Wiki tano hivi zilipita salama, kisha saa tisa usiku zikarudi. Alikuwa bado na kifaa chake, akajipima: 345 asubuhi, 420 jioni. Alirudia dawa na ndani ya wiki tatu namba zikakaa sawa.

Kwa upande wa utambuzi, tukio hili lilikuwa na uzito kuliko nafuu ya kwanza. Nafuu moja inaweza kuwa wakati tu umepita. Nafuu, kisha kuharibika dawa ilipoondolewa, kisha nafuu tena, na kipimo kikifuata kila hatua, ni vigumu kuipa maelezo mengine. Daktari hapaswi kumshawishi mgonjwa aache dawa ili kupata ushahidi huu, lakini wagonjwa huacha wenyewe, na ni upotevu kumkaripia tu bila kuandika kilichotokea.

Miezi kadhaa baadaye alipata mafua makali na kwa mara ya kwanza kifua kililia, mlio mwembamba mwishoni mwa pumzi pande zote mbili. Spairometri ya siku hiyo: lita 2.15 kabla ya salbutamoli, 2.47 baada yake. Mililita 320, asilimia 15. Kipimo kilichokataa mara ya kwanza kilikubali mara hii, mashine ileile, mapafu yaleyale, siku tofauti. Baadhi ya watu wenye pumu ya kikohozi huishia hivi, wakapata pumu ya kawaida yenye mlio, hasa wasipotumia steroidi ya kuvuta; wengine hubaki na kikohozi tu maisha yao yote.

Kwenye faili mahali palipokuwa na "bronkaitisi" (uvimbe wa mirija ya hewa) mara nne, sasa imeandikwa pumu, pamoja na misingi ya kusema hivyo: tofauti ya asilimia 14 kabla ya dawa, kurudi kwa dalili alipoacha, ongezeko la mililita 320. Misingi hiyo ina kazi. Mganga mwingine atakayemwona akiwa mzima, na spairometri safi, asije akafuta utambuzi kwa kudhani uliwekwa kwa kubahatisha. Mpango wake ni kuendelea na dozi hiyo, na akikaa miezi mitatu bila dalili dozi iangaliwe kama inaweza kushushwa, si kukatwa. Anayo karatasi inayomwambia aongeze mivuto lini, na lini aache kuhesabu mivuto akimbilie hospitali: akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, dawa ikipoza kwa muda mfupi tu kisha hali ikarudi, au midomo ikianza kuwa ya bluu.

Alipokuwa akiondoka aliuliza kuhusu mwanawe wa miaka minne, ambaye amekohoa wiki sita sasa. Je, amvutishe pampu yake? Alijibiwa hapana, na si kwa sababu ya dozi peke yake. Mtoto huyo anakohoa kikohozi chenye makohozi, asubuhi na mchana, na kinasikika kikikoroma kifuani. Kwa mtoto, kikohozi kilichozidi wiki nne tayari ni sugu, na kikiwa cha majimaji namna hiyo, kila siku, bila kubanwa, kinaelekeza kwingine kabisa: maambukizi ya bakteria yaliyokaa kwenye mirija, kifua kikuu kama kuna aliyeugua karibu naye, au kitu kidogo alichokivuta akicheza. Kikohozi peke yake, bila kubanwa wala kifua kulia, si mara nyingi kuwa pumu kwa watoto, na wapo wengi wanaovutishwa pampu miezi mingi kwa kosa hilo. Akapangiwa siku ya kumleta, na kuambiwa asisubiri siku hiyo iwapo kikohozi kilianza ghafla mtoto akiwa na karanga au kijidude mdomoni.